Gari Lisilo na Magurudumu

Mtu aliyeketi katika kiti cha plastiki chumbani mwake, usukani ameubana kwenye ukingo wa meza, usoni amevaa miwani mizito inayomziba macho pande zote, naye akipinda shingo kuitazama kona isiyokuwapo, huonekana na wapitao mlangoni kuwa amepungukiwa na akili; walakini yeye mwenyewe kwa saa ile yumo ndani ya gari, anaiona dashibodi mbele yake, kioo cha pembeni, na vumbi la mwenziwe aliyetangulia. Chombo kinachomfanyia kiinimacho hicho ni kompyuta iliyo sakafuni miguuni pake, ambayo aghalabu ameiunga kwa mkono wake: kipande hiki alikinunua kipya, kile alikipata kwa rafiki, na kile kingine kiliokolewa katika ofisi iliyobadilisha mashine zake. Tarikhi ya chombo hicho ni tarikhi ya watu waliotaka raha ya tajiri kwa kipato cha maskini, na kanuni yake moja haijatenguka tangu mwanzo: mikono na miguu hudanganywa kwa bei nafuu, bali macho ni mdai mkali asiyesamehe hata senti.

Asili yake haikuwa gari wala kompyuta, ilikuwa kinanda. Edwin Link, mwana wa mwenye kiwanda cha vinanda katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, aliupenda urubani katika zama ambazo mafunzo ya angani yalikuwa ghali mno, naye, kwa kuwa alikulia katika nyumba ya mivukuto na mabomba ya hewa, akayachukua yale yale yaliyokuwa yakitoa sauti ya kinanda akayatia chini ya kijindege cha mbao chenye mabawa mafupi, hata ikawa aliyeketi akivuta kijiti cha kuongozea, mvukuto mmoja hujaa na mwingine hunywea, na kijindege huinama au huinuka papo hapo kilipo. Mwaka 1929 kilikuwa tayari. Hati ya hataza ilikitaja kwa sifa mbili pamoja, kufundishia marubani na kuburudishia watu, na soko likaipenda zaidi sifa ya pili, kwani wanunuzi wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani halikumjali mpaka mwaka 1934, marubani wake walipokufa wakipeleka barua kwa ndege katika giza na mawingu, ndipo likanunua sita. Nimekaa kidogo hapa kwa sababu wako wazazi waonao kuwa mchezo ni uharibifu wa chombo cha kazi. Kumbe kazi ndiyo iliyokuja nyuma, ikabisha hodi katika nyumba ya mchezo. Na kuna jambo jingine la kuangaliwa: mashine ya Link haikujaribu kuyadanganya macho. Mwanafunzi alifunikwa kifuniko, akabaki kutazama saa za vipimo tu, na kwa hila hiyo Link akamkwepa mdai wetu kabla hajabisha hodi.

Waliotaka kuyadanganya macho walikiona cha mtema kuni. Morton Heilig, mtu wa sinema, alipewa hataza mwaka 1962 kwa kabati aliloliita Sensorama, ambalo mtazamaji huketi na kuuingiza uso wake katika tundu, kiti kikamtetemesha, feni ikampulizia upepo, harufu zikamfikia puani, na filamu ikampitisha kwa pikipiki katika mitaa ya Brooklyn; lakini hakupata tajiri wa kuliendeleza, na kasoro yake kubwa ni kuwa pikipiki ile ilikwenda ilikotaka filamu, si alikotaka aliyeketi. Mwaka 1968 Ivan Sutherland na wanafunzi wake wakaonyesha chombo cha kuvaa kichwani ambacho picha yake iligeuka kichwa kilipogeuka. Huo ndio msingi wa miwani ya leo. Ila picha yenyewe ilikuwa mistari mitupu, mithili ya fito za nyumba isiyokandikwa, na chombo kilining'inia kutoka darini, wenyewe wakakipa lakabu ya Upanga wa Damocles.

Kilichomwingiza fundi wa chumbani katika habari hii ni haraka ya kampuni moja kubwa. IBM, ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi wa Agosti 1981, haikuijenga kwa vipande vyake yenyewe, maana ilitaka kuwahi soko. Prosesa ilitoka Intel, programu endeshi ikatoka Microsoft, na michoro ya saketi zake ikachapishwa kitabuni ili wengine watengeneze kadi za kuchomekwa ndani. Kilichobaki nyuma ya kufuli la hakimiliki ni programu ndogo ya kuiamsha mashine, na hiyo nayo Compaq iliiandika upya bila ya kunakili, ikatangaza kompyuta yake mwaka 1982. Tangu siku hizo kompyuta ikawa kama nyumba ya miti na udongo: boriti kwa huyu, fito kwa yule, makuti kwa mwingine, na mwenye nyumba haombi ruhusa kwa mtu. Lau IBM ingalijifungia mlango, mimi nisingalikuwa na la kuandika.

Mbio nazo zilikuwa zikikua kando. Huko Uingereza, katikati ya miaka ya 1980, Geoff Crammond aliliingiza gari la Formula 3 pamoja na uwanja wa Silverstone katika kilobaiti 32 za kompyuta ya BBC Micro, na mchezo huo, Revs, ulifuata hesabu za mwendo na mshiko wa matairi badala ya kubahatisha. Marekani, jimbo la Massachusetts, David Kaemmer na Omar Khudari walianzisha kampuni ya Papyrus mwaka 1987, na baada ya miaka miwili wakatoa Indianapolis 500: The Simulation, ambamo magari 33 yaliingia uwanjani na mchezaji akaweza kurekebisha mabawa na upepo wa matairi kama fanyavyo mafundi wa kweli. Kazi yao iliyo bora, kwa hukumu yangu, ni Grand Prix Legends ya mwaka 1998, iliyohuisha msimu wa mwaka 1967, zama za magari ya Grand Prix yasiyo na mabawa, yaliyokuwa mepesi, yenye nguvu nyingi na matairi membamba; anayeanza hukanyaga mafuta mara moja tu, na gari likajizungusha kama pia kabla hajafika kona ya kwanza. Ulikuwa mchezo mgumu kuliko subira ya wanunuzi wengi, na tena ulihitaji chombo ambacho wengi hawakuwa nacho.

Chombo hicho kilikuwa kadi ya michoro. Ile iliyotia fora ni Voodoo ya kampuni ya 3dfx, iliyotoka mwaka 1996, nayo ilikuwa kiumbe cha ajabu: haikujua kuonyesha hata ukurasa wa barua, ilijua kuchora maumbo ya mchezo tu, kwa hiyo mwenyewe alilazimika kuibakisha kadi yake ya zamani na kuziunganisha mbili hizo kwa waya mfupi nyuma ya kesi, picha ya kadi moja ikipita ndani ya nyingine kabla ya kufika kwenye monita. Grand Prix Legends ikiwa na kadi hiyo ilionyesha picha 36 kwa sekunde, wala haikuzidi hapo hata mashine iwe kali vipi, na watu wakahesabu kuwa wameneemeka. Kabla ya hapo mtu aliweza kununua kompyuta akaisahau. Tangu hapo kadi ya michoro ikawa bibi harusi wa kompyuta, na mengine yote yakawa yanapangwa kwa kuitazama mahari yake.

Helmeti na vyombo vingine vya kutazamia vya miaka ya 1990, jamaa za kile cha Sutherland, nitavipita mbio, kama soko lilivyovipita. Virtual Boy ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1995, ilionyesha dunia nzima kwa rangi nyekundu na nyeusi, na haikuchukua muda ikaondolewa madukani. Kilichokosekana kilikuwa skrini ndogo, nyepesi na rahisi, nayo haikuletwa na watu wa michezo bali na wauza simu. Kijana wa California, Palmer Luckey, aliyekuwa akikusanya helmeti kuukuu na kuzifungua katika gereji ya wazazi wake, aliona kuwa skrini za namna ya simu, zikitiwa nyuma ya lenzi za kukuza, zingefanya yale yaliyoshindikana. Akaomba kwa umma dola 250,000 mwaka 2012, akapewa zaidi ya milioni 2.4. Chombo chake cha pili cha majaribio kilitumia skrini ya simu ya Samsung bila ya kificho. Mwaka 2014 Facebook ikainunua kampuni ya Luckey, Oculus, kwa kiasi cha dola bilioni 2.

Wapenda mbio walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipokea miwani hiyo, na sababu yake ni tumbo. Anayeiona dunia ikimkimbilia ilhali mwili wake umetulia hupatwa na kichefuchefu, lakini dereva ameketi katika mchezo na ameketi chumbani, usukani anaouona ndio anaoushika, na ndani ya gari mna nguzo na dashibodi zisizohama, ambazo macho huzishikilia kama abiria wa jahazi anavyoutazama ufuko. Sharti moja tu haliepukiki: picha zije kwa wakati. Rift, miwani ya Oculus iliyouzwa kuanzia tarehe 28 Machi 2016, kwa dola 599, ilitaka picha 90 kila sekunde, maana yake kompyuta ina milisekunde 11 tu za kuichora picha moja, tena kwa macho mawili. Ikichelewa, mtu hasemi kuwa picha imekwama, hukimbilia dirishani. Waundaji wakaweka kipimo cha mashine: kadi ya GTX 970, ambayo peke yake ilikuwa imetoka mwaka 2014 kwa dola 329, prosesa ya i5-4590, na gigabaiti 8 za kumbukumbu.

Hapo mwenye mfuko mwepesi akaanza kuhesabu vidole. Mwezi wa Juni mwaka ule ule AMD ikatoa kadi ya RX 480 kwa dola 199, na Oktoba Oculus ikaja na hila ya kuichoresha kompyuta dhaifu nusu tu ya picha: mashine hutoa 45, na programu hubuni zilizobaki katikati, kwa kuzikadiria kutokana na zilizotangulia. Kwa hila hiyo kipimo cha chini kikashuka mpaka kadi ndogo, na kompyuta nzima ya dola 499 ikaweza kutangazwa. Kisha zikaja dhiki mbili za wachimba sarafu za kidijitali, waliotumia kadi hizo hizo, ile ya miaka ya 2017 na 2018 na ile iliyoanza mwaka 2020, kadi zikapotea madukani na bei zikapaa. Mpaka tarehe 15 Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoiacha njia ya uchimbaji, ndipo zilizotumika zikamwagika sokoni, baadhi yake feni zimechoka na ute wa kupitisha joto umekauka kama udongo wa kiangazi.

Ile prosesa ya i5-4590, iliyotajwa katika kipimo kana kwamba ni kito, ilikuwa imejaa katika kompyuta za kawaida za makarani wa Ulaya na Marekani, na mashine za namna hiyo, ofisi zao zilipozichoka, ndizo zinazopangwa leo mbele ya maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, nyingine bado zina kibandiko cha namba ya mali ya mwenyewe wa kwanza. Nimewahi kumtazama fundi akiifufua mojawapo. Alipangusa ute mkavu kwa kitambaa chenye spiriti, akaweka mpya katikati ya prosesa, wa kadiri ya punje ya mchele, akakandamiza kipoza joto bila ya kuusambaza kwa kidole, maana uzito wenyewe huusambaza. Kijana mmoja akaingia na mashine ya aina ile ile kwapani, ameitia kadi kubwa aliyoinunua kwa mtu.

"Shikamoo, fundi. Mbona haiwaki?"

Fundi aliitika marahaba, akaiinamisha, akasoma kibandiko cha pawa saplai. "Mdogo wangu, umeleta wageni wanane na chungu ni kile kile."

Taksiri haikuwa ya kadi. Mashine za ofisini hupewa umeme wa kuzitosha zenyewe, na waya zake mara nyingi ni za mtindo wa kiwanda chake, hata pawa saplai ya dukani haiingii bila ya kugeuziwa. Bali tundu la kuchomekea kadi hutoa wati 75, na zipo kadi, kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, zinazotosheka na hizo bila ya kuomba waya wa ziada. Kadi hiyo ilikuwamo katika kile kipimo cha chini cha Oculus.

Afrika Mashariki imekuwamo katika michezo ya mbio tangu kitambo, kwa sababu ya Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika: Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na barabara za Kenya, na EA Sports WRC ya mwaka 2023 ina Naivasha, ambayo tangu mwaka 2024 huweza kuonekana kwa miwani. Ila hiyo ya mwisho ni mzigo hata kwa kompyuta ya tajiri. Basi wewe unayetaka kuanza, usianze nayo. Anza na Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos, ya mwaka 2014, ambayo haina makuu, na kabla hujatoa fedha mfukoni ufungue kwanza ubavu wa mashine usome kibandiko cha pawa saplai. Kikisoma wati 240, nunua kadi ya wati 75, na fedha itakayobaki itie katika pedali ya breki.