Kanuni ya Kupokea Kumbukumbu Mpya katika Kiini cha Linux

Kiini cha mfumo endeshi ni ile programu itawalayo mali yote ya kompyuta, na kumbukumbu ni mali kuu miongoni mwake. Hapo kwanza kumbukumbu ilihesabiwa mara moja tu, mashine iwashwapo. Lakini katika miaka ya 2005 na 2006 kiini cha Linux kilipewa uwezo wa kupokea kumbukumbu mpya mashine ikiwa kazini. Ndipo lilipozuka swali: kipande kipya kikiingia, wala hakuna aliyetoa amri, kifanyweje?

Jawabu la kwanza lilikuwa kungoja. Kipande kiliandikishwa, kikawekwa kando mpaka programu iliyo nje ya kiini itoe ruhusa. Njia hii ilikuwa na hatari yake. Katika mashine za biti 64, kila ukurasa wa baiti 4,096 kwa kawaida hudai baiti 64 za daftari, na daftari hilo lilikatwa katika kumbukumbu ya zamani; kipande cha megabaiti 128 kilidai megabaiti 2. Basi mashine iliyoongezewa kumbukumbu kwa wingi iliweza kuishiwa kabla ya ruhusa kufika. Hapo kiini kiliua programu zilizokuwa kazini, hali ghala jipya limefungwa.

Mwaka 2016 toleo la 4.6 lilimwezesha mwenye mashine kuagiza kwamba kila kipande kianze kazi papo hapo. Likabaki swali la pili: kiingie upande gani? Kikitumiwa na kiini chenyewe, huenda kisiondoleke tena, maana data nyingi za kiini hazihamishiki. Kikitengwa kwa vitu vihamishikavyo, chaweza kuondolewa, lakini kiini chaweza kupungukiwa. Toleo la 6.14 la mwaka 2025 liliwapa wanaojenga kiini nafasi ya kuteua mojawapo ya hali hizo iwe kanuni ya awali.

Sisi tuchunguzao lugha si wageni wa jambo hili. Maneno kompyuta na programu yalipoingia katika Kiswahili hayakungoja baraza; yalipokewa katika ngeli ya N, ngeli ipokeayo wageni wengi, ambapo kitabu, kwa sababu ya mwanzo wake, kilipata wingi wa vitabu. Lugha ina kanuni yake ya kupokea, ijapokuwa msemaji haitambui. Kiini nacho kilikuwa nayo tangu mwanzo: kule kungoja kulikuwa uamuzi, na hasara yake iliwapata watu wasiojua kwamba wamekwisha kuamuliwa.