Trieste: Mpaka Uliochorwa Kichinichini

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Italia na Yugoslavia ziligombania Trieste, mji wa bandari kaskazini mwa Bahari ya Adriatic. Mkataba wa amani wa 1947 ulitaka eneo hilo liwe huru, chini ya gavana wa kuteuliwa na Umoja wa Mataifa. Mataifa makubwa hayakuafikiana juu ya mtu. Kanda A, yenye mji wenyewe, ikabaki kwa majeshi ya Uingereza na Marekani. Kanda B ikashikwa na jeshi la Yugoslavia.

Oktoba 1953 London na Washington zilitangaza hadharani kwamba Kanda A itakabidhiwa Italia. Tito, kiongozi wa Yugoslavia, akaja juu, majeshi yakasogezwa mpakani, na mwezi uliofuata watu sita wakauawa katika ghasia mjini Trieste. Ndipo ikatafutwa njia ya chini kwa chini.

Kuanzia Februari 1954, Llewellyn Thompson wa Marekani na Geoffrey Harrison wa Uingereza walizungumza faraghani mjini London na balozi wa Yugoslavia, Vladimir Velebit. Walipoelewana naye mwishoni mwa Mei, wakamgeukia balozi wa Italia, Manlio Brosio. Kila upande ulibishana na wasuluhishi tu, kwa hiyo hakuna aliyeonekana akilegeza kamba mbele ya hasimu wake wala magazeti. Septemba, mambo yalipokwama kwenye kipande kidogo cha pwani, Rais Eisenhower wa Marekani alimtuma kwa Tito mwanadiplomasia Robert Murphy, aliyefahamiana na Tito tangu vitani, akiwa na barua ya rais na ahadi ya ngano. Tarehe 5 Oktoba hati ikatiwa saini: Kanda A kwa Italia, Kanda B kwa Yugoslavia, na marekebisho madogo ya mstari.

Lakini hati ilizungumzia utawala tu, na Italia haikukiri kwamba Kanda B imekwenda. Mwaka 1974 kazi ya kumaliza suala hilo ilipewa watu wa nje ya wizara za mambo ya nje. Eugenio Carbone, mkurugenzi mkuu katika wizara ya viwanda ya Italia, alikutana kwa siri na Boris Šnuderl wa Yugoslavia katika kasri la Strmol, Slovenia. Mkataba ukasainiwa Osimo, Italia, 10 Novemba 1975.

Wenyeji wa Trieste waliukuta umeshaiva, ukiwa na mpango wa eneo huru la viwanda juu ya vilima vyao. Wakakusanya saini za kuupinga, na mwaka 1978 chama chao kipya kikaongoza katika uchaguzi wa manispaa. Eneo la viwanda halikujengwa. Siri iliwawezesha viongozi kuafikiana kuhusu mpaka, na mpaka ukadumu. Yaliyohitaji ridhaa ya wenyeji yalikufa.