Rula ya Jinja

Ziwa Victoria lina rula yake. Iko Jinja, Uganda, mahali Nile inapotoka ziwani, na kazi yake ni moja tu: kusema maji yamefika wapi leo.

Enzi hizo mlango wa ziwa ulikuwa miamba ya Maporomoko ya Ripon. Ziwa likipanda, maji mengi zaidi yalitoka. Hapakuwa na wa kuyaamuru. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, likafunguliwa na miamba ikamezwa. Ikabidi binadamu aigize mwamba. Uingereza, iliyokuwa ikitawala Uganda, ilikubaliana na Misri kwamba maji yaachiliwe kwa kuifuata rula, kana kwamba bwawa halipo.

Ahadi hiyo ilikuwa nyepesi mvua za 1961 hadi 1964 zilipolijaza ziwa kwa zaidi ya mita 2. Mtihani ulikuja na ukame wa 2004 na 2005. Ziwa likashuka, mitumbwi ikakwama kwenye tope, na lawama zikatupiwa mawingu. Mwaka 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull akapiga hesabu zake: zaidi ya nusu ya anguko lilitokana na maji kuachiliwa kupita makubaliano, ili kuzungusha mitambo ya umeme. Kufikia hapo, satelaiti zilizoundwa kupima bahari zilikuwa zikilipima ziwa pia kwa rada, na takwimu zake zilikuwa wazi kwa yeyote. Rula haikuwa tena mali ya mwenye bwawa.

Mei 2020 Jinja ilisoma mita 13.42, sentimita 1 juu ya rekodi ya 1964. Safari hii maji yaliingia majumbani.