Makataa, si Tarehe ya Mwisho

Tangazo la shindano la insha lilisema hivi: "Tarehe ya mwisho ni Ijumaa, saa 12:00 usiku." Mpwa wangu alituma insha yake Ijumaa hiyo saa nne usiku, akajibiwa kwamba amechelewa kwa saa 22. Kumbe waandalizi walikuwa na saa ya Kizungu akilini, ile inayoianza Ijumaa katikati ya usiku, wakainakili bila kuigeuza. Kwetu saa kumi na mbili ni ya alfajiri au ya jioni. Ya usiku haipo. Walichotaka kusema ni saa sita, usiku wa kuamkia Ijumaa.

Wengi watailaumu saa. Mimi nailaumu "tarehe ya mwisho", tafsiri tuliyopewa ya dedilaini. Tarehe ni siku nzima, usiku na mchana wake. Dedilaini ni ncha: kabla yake unapokelewa, baada yake hupokelewi.

Kiingereza chenyewe neno hilo kimelipata mbali na kalenda. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kusini lilifungua kambi ya mateka huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya boma palikuwa na kizuizi chepesi cha mbao, na mateka aliyekivuka alipigwa risasi na walinzi. Huo ndio uliokuwa mstari wa kifo, yaani dead line. Mapema katika karne ya 20 wanahabari wa Marekani wakalichukua neno na kuliingiza katika vyumba vyao vya habari.

Kiini chake basi ni mpaka usiovukwa, nasi mpaka wa namna hiyo tunao: makataa. Ndani yake mna kukata, kama katika kukata shauri na kauli ya mkataa. Wapo wanaolikataa kwa kudai ni Kiarabu kitupu, ati kwa sababu ya qata'a. Mwisho wake una sauti ya Kiarabu, sibishi. Lakini msemaji wa Kilingala husema kokata na Mnyarwanda gukata, na hao hawakungoja jahazi kutoka Maskati ili wajue kukata.

Nilipolitetea katika kikao kimoja cha kujadili istilahi, mjumbe mmoja alisema makataa ni vitisho vya wanasiasa: "makataa ya siku saba" na mengine ya magazetini. Likafutwa kabla sijamaliza kujibu, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Anayetoa siku saba na anayepokea insha wote wanakata muda mahali pamoja. Neno la kukata humlazimisha mwandishi aseme amekata wapi.

Makataa huwekwa, huongezwa, hupita. Tangazo lile lingesomeka: "Makataa ya kutuma insha ni Alhamisi, saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa."