Dirisha Wazi Mwezi Januari: Udhibiti wa Joto katika Majengo ya Zamani ya New York

Apitaye mitaa ya Bronx au Manhattan usiku wa Januari, theluji ikiwa imerundikana kando ya njia, ataona madirisha ya fleti yako wazi na mapazia yakipepea nje. Ndani, rejeta nzito ya chuma inafoka mvuke, na mpangaji amebaki na fulana. Wengi humwita mbadhirifu. Nashikilia kwamba huko ni kumwonea: dirisha ndilo kidhibiti joto pekee alichoachiwa.

Majengo mengi yaliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili hupashwa joto kwa mvuke, mara nyingi kwa mfumo wa bomba moja. Boila huchemsha maji chini ya jengo. Mvuke hupanda, huisukuma hewa itokee kwenye tundu dogo la rejeta, hupoa na kugeuka maji, na maji hayo hurudi chini kwa bomba lile lile. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji huachia takriban kilojuli 2,257 za joto. Kilo ya maji ya moto ikipoa kwa nyuzi 20 za Selsiasi huachia kama 84 tu. Hiyo ndiyo nguvu ya mvuke, na ndiyo tabu yake. Rejeta ya maji yaweza kuwa vuguvugu. Ya mvuke ikishajaa, inaunguza. Nayo vali yake haifungwi nusu: maji hukwama, mvuke huyarusha, na bomba hugonga usiku kucha kama linalopigwa nyundo.

Lakini kiini cha tatizo kimo kwenye kisanduku kinachoendesha boila. Katika majengo mengi kisanduku hicho hupima baridi ya nje, kisha huamua boila iwake kwa muda gani. Joto la ndani ya fleti hakilijui kabisa. Sheria ya jiji, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, inataka kila fleti iwe na angalau nyuzi 68 za Farenhaiti (20 za Selsiasi) mchana, nje kukiwa chini ya nyuzi 55, na nyuzi 62 usiku. Fleti iliyo mwisho wa bomba, ambako hewa huchelewa kutoka, hubaki na baridi. Mkazi wake hulalamika, na ana haki. Msimamizi wa jengo huongeza muda wa boila. Fleti hiyo inapopata joto lake, za jirani zimeshakuwa tanuri. Madirisha yanafunguliwa.

Kwa hiyo ni kosa kuanzia kwenye rejeta. Vali zinazojifunga chumba kikipata joto ni kifaa kizuri, ila faida yake hupungua sana boila ikiendelea kufuata hewa ya nje peke yake. Kwanza, matundu makubwa ya hewa yawekwe kwenye miisho ya mabomba makuu, mvuke ufike pande zote kwa pamoja. Kisha vipimajoto viwekwe ndani ya fleti, za juu, za chini na za pembeni, boila izimike wastani wa joto la fleti hizo ukifikia kiwango kinachotakiwa. Vali zifuate baadaye. Kazi hizo mbili za mwanzo hazimhamishi mtu.

Wapo wasemao dawa ni kila mpangaji alipie joto lake. Ujerumani ina kanuni ya namna hiyo tangu 1981: kwa kawaida asilimia 50 hadi 70 ya gharama hugawanywa kwa matumizi, na sehemu iliyobaki kwa ukubwa wa fleti, maana joto hupenya kuta likamfikia jirani. Ni kanuni ya busara, lakini inamfaa mtu mwenye vali mkononi. Kumtoza mtu joto asiloweza kulizima ni dhuluma.

Sheria Namba 97 ya New York, iliyopitishwa 2019, imeweka kikomo cha hewa ukaa kwa majengo mengi yanayozidi futi za mraba 25,000, kuanzia 2024, na kikomo hicho kinakazwa 2030. Wenye majengo watatafuta mitambo mipya ya bei kubwa. Wewe msomaji unayeishi katika jengo la mvuke, ukiitwa kwenye mkutano wa wapangaji, uliza kwanza: kipimajoto kinachoiongoza boila yetu kiko wapi?