Kunakili, Kukuza na Kupaza: Maelezo ya Historia ya Vyombo Vitiavyo Nuru Nguvu

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuitia nguvu nuru ichukuayo habari, na kupima maneno tuliyo nayo ya kulitaja jambo hilo. Sababu ya kuandika ni ndogo. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi alinijia akitaka jina la Kiswahili la chombo kitiacho nuru nguvu ndani ya mkongo wa baharini. Nikamjibu upesi, "Kirudiaji." Akasema, "Samahani Mwalimu, chombo hiki hakirudii neno." Nilipochunguza nikaona kwamba yeye ndiye aliyesema kweli, na kwamba kosa langu lina historia yake.

Mwaka 1880, mjini Washington, Alexander Graham Bell na mwenzake Charles Sumner Tainter walituma sauti ya mtu kwa mwali wa jua, umbali wa mita 213. Sauti ilitikisa kioo chembamba, mwali ukayumba, na upande wa pili kipande cha seleni kikageuza mayumbo yale kuwa umeme wa kusikika katika simu. Bell alikithamini chombo hicho kuliko hata simu yenyewe. Lakini ukungu na mvua havikumstahi. Nuru ilikosa njia.

Njia ilionyeshwa mwaka 1966 na Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi Harlow, Uingereza. Walisema kwamba uzi wa kioo ungefaa kwa mawasiliano iwapo sehemu 1 tu katika 100 ya nuru ingesalia baada ya kilomita 1. Vioo vya wakati ule havikufikia hapo. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, wakakivuka kiwango hicho. Siku hizi sehemu hiyo 1 katika 100 husalia baada ya kilomita 100 nzima. Maendeleo makubwa, naam. Lakini bahari ya Atlantiki ina upana wa maelfu ya kilomita, na nuru isiyosaidiwa njiani haifiki ng'ambo.

Msaada wa kwanza ulikuwa wa kunakili. Mkongo wa TAT-8, uliofunguliwa Desemba 1988 kati ya Marekani na Ulaya, ulikuwa na mitambo kila baada ya makumi ya kilomita. Kila mtambo uliipokea nuru iliyofifia, ukaigeuza kuwa umeme, ukaisafisha, kisha ukawasha nuru mpya. Aliyezoea hati zetu za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu atauelewa mtambo huu mara moja. Mwandishi hupewa nakala iliyofifia, husoma neno kwa neno, kisha huandika upya kwa wino mweusi. Akisoma vema, nakala yake hupendeza kuliko ile aliyoinakili. Akikosea, kosa nalo hupata wino uleule. Tena mnakili huyu wa baharini alijua mwendo mmoja tu wa kuandika: waliotaka kuharakisha habari hawakuweza bila kumbadilisha yeye aliye chini ya bahari.

Macho ya mnakili huyo yastahili kuelezwa, kwa kuwa hata leo yamo katika kila kipokezi. Nuru ikiangukia diodi hutoa mkondo mdogo mno wa umeme, pengine mikroampea chache, nao hauwezi kusomwa mpaka ugeuzwe kuwa volteji. Njia nyepesi ni kuupitisha katika kipingamizi kikubwa. Lakini kadiri kipingamizi kinavyokuwa kikubwa ndivyo diodi inavyochelewa, na herufi hugandana. Amplifaya ya transimpidansi hulitatua jambo hili kwa kukiweka kipingamizi baina ya tokeo lake na ingizo lake, hata mkondo ukavutwa mara moja na diodi isichelewe. Mkondo wa mikroampea 10 ukikutana na kipingamizi cha omu 1,000 hutoa milivolti 10. Asili ya hila hii ya kurudisha sehemu ya tokeo ili kulitawala ingizo ni Harold Black, aliyeipata tarehe 2 Agosti 1927 akiwa katika feri ya kwenda kazini New York, akaiandika juu ya gazeti alilokuwa nalo. Alikuwa tayari kupoteza sehemu kubwa ya nguvu ili apate uaminifu. Jambo hilo lilionekana la ajabu, na hataza yake ilitolewa mwaka 1937.

Chombo cha mwanafunzi wangu ni cha namna nyingine kabisa. Katika mwaka 1964 Charles Koester na Elias Snitzer walikwisha onyesha kwamba uzi wa kioo wenye neodimi waweza kuikuza nuru bila kuigeuza umeme. Lakini ni mwaka 1987, katika Chuo Kikuu cha Southampton kwa David Payne na wenzake, na muda si mrefu baadaye kwa Emmanuel Desurvire na wenzake wa Bell Labs, ndipo ilipopatikana dawa yenyewe, erbi. Hapa mwanaisimu hawezi kupita bila kusimama: erbi, terbi, iterbi na itri, madini manne, yote yamepewa majina kutokana na kijiji kimoja cha Sweden, Ytterby. Yaonekana wanakemia nao huishiwa na maneno.

Atomu za erbi zilizotiwa katika kioo hupandishwa kwa leza, na hukaa juu kwa milisekunde 10 hivi, muda mrefu sana kwa mambo ya namna hii. Nuru dhaifu ya habari ikipita huzichochea zishuke, na kila moja hutoa nuru ya rangi ileile, kuelekea kulekule. Nuru huweza kuongezeka mara 1,000, na rangi nyingi hukuzwa pamoja, kwa mwendo wowote. Hasara yake ni kwamba atomu nyingine hushuka bila kuchochewa, nazo huchanganya makelele yao na habari. Mnakili aliweza kuyafuta. Mkuzaji huyu huyapandisha pamoja na neno.

Mkongo wa TAT-12/13, uliokamilika mwaka 1996, ulivuka Atlantiki kwa vyombo hivi. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, nao wa aina hii, ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Lakini mafundi wa mikongo waliendelea kutumia jina la zamani, lenye maana ya mrudiaji, ijapokuwa kazi ya kurudia ilikwisha. Hapo ndipo nilipopotea: nilitafsiri jina, sikutafsiri chombo.

Basi tuna vitenzi vitatu. Kunakili kwafaa kwa mtambo wa TAT-8. Kukuza ni sahihi kwa erbi, ila watumiaji wa darubini wamekwisha kulitwaa kwa maana ya kuongeza ukubwa. Kupaza, kutokana na kupaa, ndilo nilipendalo: tumelizoea katika kipaza sauti, na kila aliyehudhuria harusi ajua kwamba kipaza sauti hupaza na mikwaruzo pia. Nikampa mwanafunzi neno "kipaza nuru". Alishukuru, akaliandika. Juma lililofuata nilimsikia ukumbini akiwaeleza wenzake habari za "amplifaya ya erbi", nao walimwelewa vizuri. Hata hivyo katika tasnifu yake aliliweka neno langu, na amplifaya akaiacha kwa kipokezi peke yake.