Rangi ya Mafuta

Kivuko cha kwenda Rugezi kilikuwa kimeshaondoka nilipofika. Ukikikosa pale Kisorya huna la kufanya ila kungoja kirudi. Nilikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai na mihogo, nikaweka begi miguuni, nikafungua simu kutazama picha ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko picha za ndugu zangu. Ni picha ya kuchorwa. Jina lake, nikilitafsiri, ni Wanaume Wanampelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku. Aliichora Sam Joseph Ntiro, Mchaga wa Machame, mwaka 1956. Tangu 1960 picha hiyo ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York.

Mimi sijafika New York. Machame nimefika mara moja tu, na mvua ilinyesha siku nzima nisiuone mlima. Lakini mwaka wa pili sasa naandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika historia, na Ntiro ndiye mtu ninayemwandikia. Mwalimu anayenisimamia aliniuliza siku ya kwanza: mtoto wa ziwani, uliyekulia kwenye dagaa, migomba ya Kilimanjaro inakuhusu nini? Nilimpa jibu la kitaaluma, lenye maneno mengi. Jibu la kweli nilikuwa sijalijua bado.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923. Katikati ya miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Kampala, ambako Mwingereza mmoja, Margaret Trowell, alikuwa akifundisha sanaa. Mama huyu naye alikuwa amesoma Shule ya Sanaa ya Slade, London. Alianza darasa lake kabla ya vita, akifundishia nyumbani kwake, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya ajabu kidogo. Hakuwawekea wanafunzi sanamu ya Kigiriki mezani wainakili. Aliwasimulia jambo: tukio la sokoni, kisa cha Biblia, watu wanaokimbia mvua. Kisha aliwaacha wachore walichokiona kichwani. Aliamini Mwafrika anayo namna yake ya kuona, na kwamba mwalimu akiingiza mkono sana ataiharibu.

Wanahistoria wamemsema sana Trowell kwa hilo, na wana hoja. Ukimwambia mtu asijifunze mbinu za wengine ili abaki "halisi", umemheshimu au umemfungia mlango? Mwenyewe nimeliandika swali hilo kwa herufi nzito kwenye sura ya pili. Lakini nikizitazama kazi za Ntiro, naona swali lile linamhusu zaidi mwalimu kuliko mwanafunzi. Ntiro aliichukua ile njia ya kusimuliwa, kisha akajisimulia mwenyewe. Alichora kwao.

Kwao ni migomba, njia nyembamba za udongo, vilima, mifongo inayoshusha maji kutoka mlimani, watu wanaovuna kahawa, wanaokata miti, wanaokwenda sokoni, wanaojenga nyumba pamoja. Mtazamaji huwekwa juu kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye kilima cha ng'ambo. Watu ni wadogo na ni wengi. Nyuso hazina maelezo. Humtambui mtu kwa pua yake. Unamtambua kwa kazi anayoifanya. Hakuna aliyekaa katikati ya picha akisubiri kutazamwa.

Mwaka 1952 Ntiro alikwenda London kusoma Slade, shule ileile aliyosoma mwalimu wake. Alikaa miaka mitatu. Ilikuwa shule ya kuchora mwili wa mtu aliye mbele yako, kupima umbali, kujua mwanga unatoka wapi na kivuli kinaangukia wapi. Watu walitarajia arudi amebadilika. Mwaka 1955 alifanya maonyesho yake katika ukumbi wa Piccadilly Gallery, palepale London, na ukutani kulikuwa na nini? Migomba, njia za udongo, watu wadogo wengi.

Wapo waliosema hakujifunza kitu. Mimi nimekaa na jambo hili muda mrefu, nami nimefikia imani nyingine. Mtu aliyeishi miaka mitatu kwenye ukungu wa London, akiwa na walimu wa kumwelekeza kila siku, na bado akachora njia ya kijijini kwake kutoka kichwani, hakushindwa kujifunza. Alikuwa amechagua. Na kuchagua huko kulikuwa na gharama. Aliporudi kufundisha Makerere, Trowell alistaafu mwaka 1958, na nafasi ya kuongoza shule ya sanaa akaishika Cecil Todd kutoka Afrika Kusini. Todd alitaka wanafunzi wajue nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya, wawe wachoraji wa dunia ya leo. Ntiro alishikilia kwamba mchoraji wa Afrika Mashariki aanzie kwenye maisha ya watu wake. Ubishi wa wawili hao haujaisha mpaka leo. Ukikaa kwenye semina yoyote ya sanaa Dar es Salaam au Kampala utausikia tena, ila majina yamebadilika.

Mwaka huohuo wa 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha, mwanamke wa Uganda aliyesoma historia Oxford na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada katika chuo kile. Alipoajiriwa ualimu na kugundua analipwa pungufu kwa kuwa ni mwanamke, Sarah alikataa mshahara, akafundisha bila malipo hadi jambo lirekebishwe. Ninamtaja kwa sababu katika makala nyingi za sanaa hutajwa kama "mke wa mchoraji", na katika makala nyingi za elimu Ntiro hutajwa kama "mume wa Sarah". Nyumba moja, historia mbili zisizosalimiana.

Kisha ukaja Uhuru. Tanganyika ilipojitawala Desemba 1961, ilihitaji balozi wa kwenda London, na aliyetumwa ni mchoraji. Hebu fikiri kidogo. Nchi mpya, wasomi wachache, na kiti kile cha Uingereza anakalishwa mtu ambaye kazi yake ni kuchora wanaume waliobeba pombe. Alikaa huko hadi 1964. Baadaye alisimamia masuala ya utamaduni serikalini, kisha akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Mwaka 2020, jumba la sanaa la Haus der Kunst mjini Munich lilionyesha wachoraji kumi wa Afrika Mashariki, naye akiwemo. Jina la maonyesho hayo lilikuwa la Kiswahili: Mwili, Akili na Roho.

Pale kwenye benchi la Kisorya nilikuwa nimefika hapo kichwani, napanga sura ya mwisho, aliponikuta baba mdogo.

Baba mdogo anapaka mitumbwi. Kwa zaidi ya miaka thelathini, mtumbwi ukitoka kwa fundi seremala, umeshazibwa pamba kwenye maungio, unapelekwa kwake. Anapaka mistari, pembetatu, jicho upande wa mbele, mara nyingine samaki. Jina la mtumbwi huandikwa mwishoni, mwenye mali akishalipa. Watoto tulijifunza kusoma kwenye mbavu za mitumbwi ile kabla ya kupelekwa shule. Ukimwita msanii anacheka. "Mimi napaka tu," husema. "Wachoraji wako Dar."

Nilimwamkia, akaitikia, akaketi. Siku hizi akitaka kuona kitu anakisogeza upande wa jicho la kulia. Nikampa simu. Nikamweleza kwamba hawa ni Wachaga, wanapeleka pombe ukweni usiku.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Ametumia rangi gani?"

"Rangi ya mafuta."

"Kama yangu."

Nilitaka kumsahihisha. Nilitaka kumwambia kwamba ile ni rangi ya mafuta ya wachoraji, ya kwenye mirija midogo, na yake ni ya kwenye kopo la duka la vifaa vya ujenzi. Nashukuru sikusema. Kiswahili chetu hakikuzitenga, na huenda kina sababu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefika Dar es Salaam kutafuta kazi, alichora wanyama wake kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores kule Oysterbay. Polisi walimpiga risasi mwaka 1972 wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora miaka minne hivi. Hakuwa na Slade wala ubalozi, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima, linajulikana mahali ambapo jina la Ntiro halijawahi kusikika. Baina ya balozi na yule kibarua, nani alikuwa mchoraji na nani alikuwa mpakaji?

"Ni kubwa?" baba mdogo akauliza.

Nikamwonyesha kwa mikono. Si kubwa, mtu anaweza kuibeba kwapani.

"Ndogo hivyo, na imefika Marekani." Akarudisha simu. "Wanapeleka pombe ukweni. Kama Myombekere."

Hapo nikanyamaza. Miezi yote ya maktaba, na jambo hilo halikunijia. Ng'ambo ya maji yale tuliyokuwa tukiyatazama ni Ukerewe, na Ukerewe ndiko alikoishi Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, riwaya ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Mke amerudi kwao kwa sababu ndugu wa mume wanamsema kuwa hazai. Mume anamfuata ukweni, na ili apewe mke wake tena anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi. Kurasa nyingi zinakwenda kwenye kuitengeneza pombe hiyo: ndizi, kuivisha, kukamua, mitungi, wabebaji. Hakupata mchapishaji wa Kikerewe. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981, mzee sana.

Kitereza na Ntiro hawakuwa watu wa rika moja, wala sijaona popote kwamba walijuana. Mmoja alikuwa na wino, mwingine rangi. Lakini katika miaka ileile ya ukoloni, wakati kumbukumbu za serikali zilikuwa zikihesabu kodi, pamba na kahawa, wote wawili waliona kwamba safari ya kupeleka pombe ukweni inastahili kuhifadhiwa. Wazungu hawamo katika safari hiyo, wala machifu na vita. Wamo watu waliobeba mzigo mzito kwa uangalifu, kwa sababu ukimwagika, ndoa nayo iko mashakani. Kwa Wachaga ni mbege, ndizi na ulezi. Kwa Wakerewe ni pombe yao. Mzigo ni uleule.

Hilo ndilo jibu ambalo ningempa mwalimu wangu leo. Migomba ya Kilimanjaro inanihusu kwa sababu mtu aliyekulia nayo aliichukulia kuwa ni historia kabla hajaja mtu wa kumruhusu. Mimi nilisubiri ruhusa. Nilikwenda maktaba nikatafuta mtu aliyekwisha kuhifadhiwa New York, ili nisije nikaulizwa kama mada yangu ni ya maana. Huku nyuma, mitumbwi ya baba mdogo ilikuwa ikioza. Mtumbwi wa dagaa hauishi miaka mingi. Mbao zikichoka unapasuliwa, zinakuwa kuni za kuchemshia chai, kama hiyo niliyokuwa nakunywa. Nilipomuuliza mama wa chai kuhusu ubao mmoja uliokuwa jikoni, wenye nusu ya pembetatu ya bluu, alisema ameununua na mzigo wa kuni, hajui ulikuwa mtumbwi gani.

Nikamgeuzia baba mdogo. "Huu ni wako?"

Akausogeza kwenye jicho la kulia. "Bluu hii niliiacha zamani. Walianza kuleta nyingine." Akaugeuza upande wa pili, akaukuna kwa ukucha. "Ni wangu."

Nilitoa daftari la tasnifu, nikafungua ukurasa usio na kitu, nikamuuliza mtumbwi wa kwanza aliopaka uliitwaje. Akafikiri. Akasema jina. Nikaandika. Nikauliza wa nani, rangi gani, mwaka gani. Mwaka hakuukumbuka, ila alikumbuka kwamba sangara walikuwa wameshajaa ziwani na mabinti wawili wa mwenye mtumbwi waliolewa msimu huo. Nikaandika hivyohivyo.

Tulifika mtumbwi wa kumi na tisa kivuko kilipopiga honi. Watu wakaanza kushusha baiskeli, kuku na magunia. Nilitazama geti, nikamtazama yeye.

"Nenda," akasema. "Bibi yako anakungoja."

"Kitarudi tena jioni," nikamwambia. "Wa ishirini uliitwaje?"